Nani Anavujisha Siri za Wakunga?

Hapo zamani, wanangu, lakini si zile za kale sana, ni zile wanyama wa bonde la Kimwani walipokuwa ndio kwanza wameanza kushika simu, walikuwepo wakunga watano. Kiboko, Nyati, Twiga, Kasuku na Pimbi. Mama yeyote wa bondeni akikaribia kujifungua, humwita mmoja wao.

Kwa kuwa waliishi mbalimbali, waliungana kwenye kundi la simu, wakaliita Wakunga wa Bonde. Humo waliulizana mambo ya kazi. Mmoja anaandika, "Mtoto ametanguliza miguu, nifanyeje?" Mwingine anajibu, "Usimvute, mgeuze mama ubavu wa kushoto kwanza." Anayejua anaeleza, asiyejua anasoma na kushukuru.

Mkuu wa kundi alikuwa Kiboko. Yeye ndiye aliyeweka sheria: linaloandikwa humu linabaki humu.

Mdogo kuliko wote alikuwa Pimbi. Mnamfahamu Pimbi? Kale kanyama ka kwenye miamba, mwili kama sungura, mkia hana, macho hayatulii. Alikuwa hodari wa kazi, ila akiandika jambo kundini, wakubwa hulipita kama hawakuliona. Akazoea.

Basi siku moja Twiga aliandika hivi: "Swala wangu atajifungua kesho asubuhi. Nimemweka kwenye nyasi ndefu nyuma ya mkuyu. Mtoto amekaa vibaya. Nani atakuja kunisaidia?"

Pimbi akajibu, "Nakuja mimi, dada."

Alifika alfajiri. Wakahangaika na Swala mpaka jua likachomoza, na mtoto akatoka salama, analia vizuri. Twiga akawa anamfuta kwa majani. Hapo ndipo nyasi zikasema shaa, shaa, shaa, na Chui akatokea.

Hakuja kama mwindaji anayetafuta. Hakunusa huku wala kule. Alikuja moja kwa moja, kama mtu aliyeelekezwa nyumba.

Twiga alirusha teke, pu! Chui akabingirika. Lakini kabla hajakimbia alikuwa ameshapitisha kucha kwenye mguu wa yule mtoto, na damu ilimwagika nyingi. Walimfunga, wakamtuliza. Akapona, ila akawa anachechemea.

"Amejuaje tuko hapa?" Twiga aliuliza.

Pimbi aliangalia zile nyasi, akaangalia simu ya Twiga iliyokuwa chini, akaangalia yake. Mahali pale palitajwa sehemu moja tu.

Swala naye aliwatazama wote wawili, akamvuta mwanawe karibu. Hakusema asante.

Mchana wake simu zikaanza kulia, ting', ting', ting'. Kiboko alikuwa anaandika, na Kiboko akikasirika huandika kwa herufi kubwa tupu.

"KUNA MSALITI HUMU NDANI."

Wote walikuwa wamesoma, maana alama za kusomwa zilionekana, lakini hakuna aliyejibu.

"NA SOTE TUNAMJUA MWENYE MDOMO."

Nyati akaandika, "Mimi jina silitaji. Ila mabawa anayo."

Mwenye mabawa kundini alikuwa mmoja tu, Kasuku. Ikatokea juu ya kioo: Kasuku anaandika. Ikapotea. Ikatokea tena: Kasuku anaandika. Ikapotea. Hakuna ujumbe uliokuja.

"ANGALIENI ANAVYOTAFUTA UONGO," Kiboko akasema. "KESHO KUTWA NAMTOA. MWENYE PINGAMIZI ASEME."

Pimbi alishika simu. Moyoni mwake naye alikuwa anamshuku Kasuku, nisiwafiche. Nani asingemshuku? Kasuku anajulikana kwa kusema. Akaandika "Kweli kabisa", akaweka kidole kwenye kitufe cha kutuma. Halafu akakumbuka lile jina lililotokea na kupotea mara mbili, akayafuta maneno yake. Akaona ni bora amuulize mwenyewe, uso kwa uso.

Kasuku alikuwa anakaa kwenye tundu la mvule. Pimbi alipofika chini yake akapiga hodi.

"Umetumwa?" Kasuku akauliza, kichwa hakutoa.

"Sijatumwa. Nimekuja kwa miguu yangu."

"Simu yako iko wapi? Isije ikawa unanirekodi."

Pimbi akaitoa, akailaza juu ya jiwe, kioo chini. "Ile pale."

"Isogeze mbali zaidi."

Akaisogeza. Kasuku ndipo akatoka. Manyoya yalikuwa yamemsimama, na macho mekundu.

"Haya, uliza ulichokuja kuuliza."

"Dada Kasuku, habari ya Swala ulimwambia mtu?"

"Sikumwambia. Utaniamini?"

Pimbi akaangalia pembeni.

"Unaona?" Kasuku akasema. "Huniamini. Sasa nikuulize mimi. Sisi ukoo wetu tunasemaje? Tukisikia neno tunalirudia vilevile lilivyo, hatuongezi wala hatupunguzi. Twiga aliandika 'nyasi ndefu nyuma ya mkuyu'. Kama ni mimi niliyesema, bonde zima lingesikia 'nyasi ndefu nyuma ya mkuyu'. Nenda kaulize wenzio walisikiaje."

"Na kwa nini hukuyaandika hayo kundini?"

"Nimwandikie nani? Walishanihukumu kabla sijafungua simu. Kila nikianza neno naona nitaonekana najitetea." Akageuka. "Nenda. Na usinijie tena kama ni kwa kunipeleleza."

Pimbi akashuka njia ya bwawani. Hapo alimkuta Ngiri anachimba mizizi.

"Kaka Ngiri, habari ya Swala wewe uliisikiaje?"

"Kama walivyosikia wengine," Ngiri akasema, pua kwenye udongo. "Kwamba yuko kwenye malisho mazuri karibu na mkuyu."

"Malisho mazuri?"

"Ndivyo nilivyosikia. Kwani kuna nini?"

"Ulisikia kwa nani?"

"Mama, hapa njiani wanapita wote wanaokwenda kunywa maji. Nitamjua nani?"

Pimbi akarudi kwake anawaza. Malisho mazuri. Hayo si maneno ya Kasuku, ambaye majani hali. Ni maneno ya mtu anayekula nyasi. Lakini maneno yakipita midomo mingi hubadilika, kwa hiyo huo haukuwa ushahidi wa kumpeleka mtu popote. Na sasa alikuwa amejiharibia usingizi, maana alianza kuwashuku wote. Nyati, kwa nini alikuwa mwepesi wa kuunga mkono? Kiboko, kwa nini ana haraka? Hata Twiga alimshuku. Akajiuliza, na kama Twiga mwenyewe alimwambia mtu? Kila ujumbe uliokuja, hata wa kusalimia, aliusoma mara mbili akitafuta kilichofichwa ndani yake.

Asubuhi ilipofika akasikia kwato juu ya mwamba, koko, koko. Alikuwa Pongo, mama kijana mwenye mimba ya kwanza, na tumbo limeshashuka.

"Nimekuja kukuaga, mkunga wangu," Pongo akasema.

"Unakwenda wapi na hali hiyo?"

"Sijui. Mahali pasipo mtu. Nitajifungua peke yangu."

"Peke yako, na ni mimba ya kwanza? Unataka kufa?"

"Swala alikuwa na wakunga wawili," Pongo akasema taratibu. "Mtoto wake anachechemea. Akina mama wote bondeni wanasema afadhali kufa na siri yako. Usinielewe vibaya. Sisemi ni wewe. Ila sijui si wewe."

Neno hilo lilimwingia Pimbi kuliko yote yaliyoandikwa kundini. Akakaa chini. Halafu akasema, "Mwanangu, nikuombe jambo. Ukikataa, sitalifanya. Naomba nitumie jina lako kumkamata huyu anayesema. Nitasema kwamba unajifungua kesho. Lakini mahali ulipo hapatatajwa, si kwenye simu wala kwa mdomo. Utakuwa hapa kwangu, ndani ya pango, nami nitaziba mlango kwa miiba, Chui asipite hata akijinyoosha."

Pongo akakubali. "Jina langu tumia. Mahali pangu ukisema, hata upepo usisikie."

"Sawa."

"Na simu yako uizime nikiwa humo."

"Nitaizima."

Hapo Pimbi akakaa na simu yake na kuwaza. Bonde alilijua kuliko wakubwa wote, kwa sababu mdogo hupita kila uchochoro. Akachagua mahali panne ambapo kwa mbali panaonekana pazuri, na ukiingia unajuta. Kisha akamwandikia kila mmoja inboksi, si kundini.

Kwa Twiga: "Dada, Pongo atajifungua kesho asubuhi chini ya mgunga mkubwa wa kaskazini. Nikikwama nitakuita. Usimwambie mtu." Chini ya mgunga huo miiba imetandazwa kama mkeka.

Kwa Nyati: "Shangazi, Pongo atajifungua kesho kwenye kile kichuguu kilichobomoka. Naomba iwe siri yetu." Ndani ya kichuguu hicho nyigu wamejenga.

Kwa Kasuku: "Pongo atajifungua kesho penye gogo kubwa lililooza, ukingo wa msitu. Nimekuambia wewe tu." Gogo hilo ndiyo makazi ya siafu.

Kwa Kiboko: "Mama Mkubwa, wewe ndiye mkuu wetu, siwezi kukuficha. Pongo atajifungua kesho asubuhi kwenye kichaka kilicho kando ya korongo la kusini. Nakuomba lisitoke." Na kichaka hicho, wanangu, kimefunikwa na upupu. Mnaujua upupu? Msije mkaugusa.

Akafikiri hivi: Chui akitoka na miiba, ni Twiga. Akitoka amevimba, ni Nyati. Akitoka ameng'atwa, ni Kasuku. Akitoka anajikuna, ni Kiboko. Hakuna haja ya kumfuata. Ataileta habari mwenyewe mwilini mwake.

Majibu yakaja. Twiga: "Sawa mdogo wangu, niko tayari." Nyati: "Nimesoma." Kiboko: "UMEFANYA VIZURI KUNIAMBIA." Kasuku hakujibu kitu. Alisoma tu.

Hilo la kusoma bila kujibu lilimsumbua Pimbi. Na sehemu fulani ya moyo wake ilitamani kesho Chui atoke ameng'atwa na siafu, yaishe, wakubwa wabaki wakubwa na kundi liendelee. Akajionea aibu kwa tamaa hiyo, lakini alikuwa nayo.

Akazima simu, akaingia pangoni kwa Pongo.

Uchungu ulianza kabla ya mapambazuko. Pongo alikuwa mwoga, anauma majani, anauliza kila mara, "Umesikia hiyo sauti? Nani yuko nje?"

"Ni upepo. Pumua."

"Na hiyo?"

"Ni jiwe limeporomoka. Pumua, mwanangu, achana na nje."

Jua likapanda. Mtoto alikuwa amekaa vizuri, kazi ikaenda. Mara kutoka upande wa kusini ikaja sauti ya ajabu. Kwanza mngurumo, halafu majani yakivunjwa, halafu kwaruu, kwaruu, kwaruu, na kilio kama cha paka aliyekanyagwa.

Pongo akashtuka. "Nini hicho?"

Pimbi alikuwa ameshika kichwa cha mtoto. Mikono yake ilitulia kidogo, halafu ikaendelea. "Ni mtu anajikuna," akasema. "Sukuma."

Mtoto akatoka, jike, ana madoa meupe mgongoni. Pimbi akamkausha, akampeleka kwenye chuchu, akahakikisha mama hatoki damu. Ndipo akaosha mikono na kushuka bwawani.

Alikuta wanyama wamejaa, maana ni saa ya kunywa maji. Nyati alikuwepo, Twiga amepanua miguu anakunywa, Swala amesimama pembeni na mwanawe anayechechemea. Katikati ya maji Kiboko alikuwa amejilaza na wageni wake, yule ndege Korongo na Mamba, anapiga gumzo.

Matete yakachanuka. Chui akatoka mbio, anajikuna kwa kucha za mbele, anajikuna kwa za nyuma, anajisugua kwenye kila shina. Chubwi! Akajitosa majini. Maji hayakumsaidia. Akaibuka macho yamemtoka.

"Wewe mama," akamwambia Kiboko mbele ya wote, "nimekukosea nini?"

"Mimi?" Kiboko akasema. "Hebu toka hapa, nani anaongea na wewe?"

"Jana jioni ulikuwa umelala papo hapo ulipo. Ukawaambia hawa wageni wako, 'Pongo wangu kesho asubuhi atakuwa kando ya korongo la kusini, kwenye kile kichaka chenye majani mazuri.' Nilikuwa kwenye matete, nimesikia kwa masikio yangu. Habari ya Swala uliyoitoa ilikuwa ya kweli. Hii umenidanganya kwa nini? Nimejitupa kwenye upupu mtupu."

Watu wote wakaacha kunywa. Hakuna aliyemkimbia Chui, maana Chui mwenyewe hakuwa na nafasi ya kumkimbiza mtu. Aliendelea kujikuna, kwaruu, kwaruu, mpaka akapotelea msituni.

"Muongo," Kiboko akasema. "Mnamwamini mla watu? Mimi sikusema chochote kwa mtu."

Pimbi akapanda juu ya jiwe ili aonekane. "Mama Mkubwa, kichaka cha korongo la kusini nilikutajia wewe peke yako. Twiga nilimtajia mahali pengine. Nyati pengine. Kasuku pengine. Toeni simu, kila mtu asome alichoandikiwa."

Twiga akatoa simu akasoma. "Mgunga wa kaskazini."

Nyati akasoma yake polepole. "Kichuguu." Hakumtazama mtu.

Kiboko hakuitoa ya kwake. Alijizamisha mpaka puani, halafu akainuka, maana hakuna pa kwenda.

"Sikumwambia Chui," akasema kwa sauti ndogo. "Niliwaambia Korongo na Mamba tu. Na niliwaambia wasiseme. Mtu anakaa hapa kutwa nzima, wageni wanakuja wanauliza habari za kazi, na mimi ndiye mkuu. Ningewajibu kwamba sina habari?"

"Ndiyo," Swala akasema. Hakupandisha sauti. "Ungewajibu hivyo."

Yule mtoto wa Swala alikuwa amesogea ukingoni kunywa, akiburuta mguu wake. Kiboko aliuona.

Siku hiyo hiyo ukaja ujumbe kundini, kwa herufi ndogo: "mimi ndiye niliyesema. nilimsingizia Kasuku mbele yenu, naomba radhi mbele yenu. ukuu wa kundi nauacha." Nyati naye akaomba radhi, kwa maneno machache ya mtu asiyezoea. Kasuku akaandika, "Nimesoma." Basi.

Pimbi akaona hiyo haitoshi kwa upande wake. Akaenda tena kwenye mvule.

"Nami nimekuja kukuomba radhi," akasema. "Nilikutegea kama nilivyowategea wengine."

"Najua," Kasuku akasema.

"Ulijuaje?"

"Gogo lililooza, ukingo wa msitu? Mimi naruka juu ya gogo hilo kila siku. Siafu wamejaa. Mkunga gani anampeleka mzazi penye siafu? Nilipousoma tu nikajua unanipima."

"Mbona hukunijibu?"

"Ningekujibu nini? Ningesema nimegundua mtego wako, ungedhani natafuta njia ya kutokea. Nikaona ninyamaze kama ninavyonyamaza siku zote." Akamtazama kutoka juu. "Kwani kama mahali pale pangekuwa pa kweli, ningefanya tofauti?"

Pimbi akaketi chini ya mvule. Walikaa pamoja hivyo mpaka jua likageuka, na haikuwa siku hiyo urafiki wao uliporudi, ilichukua muda. Hata akina mama wa bondeni walichukua muda kurudi kwa wakunga. Pongo ndiye aliyewaambia, mmoja mmoja, alipojifungulia, na kwamba hadi alipowaambia yeye mwenyewe hakuna aliyekuwa amepajua.

Na mimi nilivyoisikia ndivyo nilivyowapa, wanangu, nanyi shikeni hili: siri ya mtu uliyoipata kwa kazi yako si habari ya kuwafurahishia wageni, na mwenzako usimtaje kwa ubaya mbele ya watu kwa jambo usilolijua.